Wino Juu ya Mkunjo

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zake zimefumuka, rangi imekwenda na maji, na katikati pana bonde lililochimbwa na mgongo wa mwenyewe. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Ukipita begani mwa mtu njiani, macho huufuata. Waliotutangulia walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakumkataza mtu kutamani kipya, wala hawakumtaka azeeke amelalia mkeka mmoja. Walichokataza ni kule kutupa. Msala unaopita una mwenyewe, naye anakwenda nao kwake; wewe uliyetupa wako, ukitaka kujinyoosha utajikuta juu ya sakafu tupu.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyejifunza neno hilo mahakamani, mbele za watu, jasho likimtiririka mgongoni.

Mwanamke huyo alisomea historia. Hakuionja kwa ncha ya ulimi; aliisoma miaka kumi na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza katika chumba cha nyaraka za kale, chumba chenye mapazia mazito na harufu ya gundi na vumbi. Mtunzaji wa chumba kile, bibi mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka, ndiye aliyemfundisha kazi. "Karatasi ni kama mgeni," alimwambia siku ya kwanza. "Usimuulize habari kabla hujamtazama miguu. Miguu ndiyo itakayokwambia ametembea wapi." Basi akajifunza kutazama mgongo wa karatasi kabla ya uso wake, kingo zake, mikunjo yake, matundu ya pini, na kuyaandika yote kwa penseli kwenye daftari, kisha ndipo asome maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa barua za malalamiko, zilizoandikwa zamani na watu wa kawaida kwa watawala wao. Mmoja alikuwa mwanamke aliyeomba asinyang'anywe nyumba yake. Chini ya barua yake mkubwa fulani alikuwa ameandika maneno mawili tu: Hakuna hatua. Maneno hayo yalimganda yule msomaji moyoni kama utomvu wa fenesi. Miaka ikapita, chuo alichofundisha kikapunguza walimu, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani, akakaa wiki nzima, kisha akamwambia mama yake kwamba anakwenda kusomea sheria.

Mama yake alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

"Mwanangu, umesoma mpaka macho yamekuwa mekundu, leo unaanza tena chekechea?"

"Mama, wale watu ninaowasoma nimewakuta wameshakufa. Nimechoka kufika matanga. Safari hii nataka niwahi mgonjwa akiwa hai."

Mama alimtazama, akarudia kupepeta. "Haya. Ila usije ukawasahau waliokufikisha hapo."

Alisoma na vijana waliomwita mama, akafaulu, akaapishwa kuwa wakili akiwa na miaka thelathini na saba. Akapata kazi katika ofisi ya wakili mmoja wa siku nyingi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la madaftari: vyumba vitatu, panka moja linalolia kama mlango mkavu, na majalada yaliyofungwa kwa utepe mwekundu mpaka kwenye kizingiti cha dirisha. Mwenye ofisi walimwita Mzee. Alikuwa mfupi, viatu vyake viking'aa kiasi cha mtu kujitazamia, na kesi alikuwa akizipeleka mbio kama mtu anayepeleka moto kwa jirani.

Jalada la kwanza alilompa yule wakili mgeni, mgeni alikaa nalo siku mbili. Aliigeuza kila karatasi, akaandika mikunjo kwa penseli, akazimulika zenye mashaka kwa kioo chake cha kukuzia, kioo kizito chenye mshikio wa shaba. Siku ya pili Mzee akatoka chumbani kwake, akasimama katikati ya ofisi nzima.

"Profesa," akasema, "umeshamfufua marehemu?"

Watu wakacheka.

"Jalada hili ni la saa moja. Mawakili hatunusi karatasi. Anayenusa ni mbwa wa polisi."

Mama wa chai alilazimika kuweka sinia chini, maana vikombe vilikuwa vinacheza. Na kuanzia siku ile jina likawa Profesa. Mlangoni, ngazini, hata kwenye simu: "Profesa, leo unazungumza na mfalme gani?" Utani ni utani, na mwenyewe aliucheka. Lakini mwiba ulikuwa umeingia, na mwiba hauulizi kama uliingizwa kwa mzaha.

Akabadilika. Akanunua suti nyeusi na viatu vyenye kisigino. Penseli zikaondoka mezani. Madaftari yake kumi na manne akayatia ndani ya boksi, akalifunga kwa kamba ya mkonge na kulisukuma chini ya ngazi, pamoja na mafagio na makopo ya rangi. Akajifunza kusoma nakala za kivuli tu, zile zinazotoka mashineni zingali na joto, na kuzipitishia jicho kama mtu anayepita sokoni bila kikapu. Katika miezi minane Mzee alimsifu mara mbili. Kilichobaki mezani pake kutoka maisha ya kwanza kilikuwa kile kioo, nacho kilibaki kwa sababu kilizuia karatasi zisipeperushwe na panka.

Ndipo akaja fundi cherehani.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Aliingia na mfuko wa kitambaa uliojaa rili za nyuzi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nisameheni," akasema, akiivua. "Nimetembea mji mzima na kamba shingoni kama mbuzi wa mnada."

Kesi yake ilikuwa hivi. Mumewe alifariki miaka miwili nyuma. Sasa mdogo wa marehemu, yaani shemeji yake, alikuwa amefungua madai mahakamani. Alisema nyumba si ya mjane. Alikuwa na barua ya miaka kumi na tisa iliyopita, iliyosema kwamba marehemu akifa, nyumba ichukuliwe na mdogo wake. Mashahidi wawili walioitia sahihi, wote walikuwa wameshazikwa.

"Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na kibaraza," fundi akaeleza. "Kibarazani ndipo cherehani yangu ilipo, mwaka wa thelathini na moja huu. Marehemu aliifunga sakafuni kwa skrubu ili isitembee nikikanyaga. Skrubu zimekula kutu, zimekuwa kitu kimoja na saruji. Mimi wataniondoa, mwanangu, nina miguu. Ile haiondoki ila kwa kuvunjwa."

Profesa akampa nakala ya barua aisome. Fundi akaisogeza mbali, akaivuta karibu, akaisogeza tena.

"Maandishi yanaogelea."

Profesa akakichukua kile kioo na kumpa. Fundi akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alitaka kukirudisha.

"Kaa nacho, mama. Kitakusaidia kutunga uzi kwenye sindano. Mimi sina kazi nacho tena."

"Shaba hii?" Fundi alikipima uzito kiganjani. "Kitu kizito hivi unakigawa kama peremende? Haya. Lakini sikichukui, nakutunzia. Siku ukikitaka utakikuta." Akakizungushia kipande cha kitambaa na kukitia katikati ya nyuzi zake. Kisha akaigonga ile nakala kwa kidole. "Sahihi ni kama ya mume wangu. Ila moyo wangu unakataa. Yule mtu hakuweza kukaa na siri. Akininunulia kanga ya kunishtua, ananitajia rangi kabla hajavua viatu. Siri ya miaka kumi na tisa angeiweka wapi?"

Swali likamjia Profesa papo hapo, likamjia kwa mazoea ya zamani: karatasi yenyewe iko wapi? Ilikuwa mahakamani, ng'ambo ya barabara, kwa karani. Ruhusa ya kuitazama ilikuwapo siku yoyote ya kazi. Ni hatua mia mbili tu. Akaenda kumweleza Mzee.

Mzee hakuinua kichwa. "Ya nini? Sheria inaweka mwisho wa miaka kudai nyumba. Barua ni ya miaka kumi na tisa. Iwe ya kweli, iwe ya uongo, imepita muda wake. Tunaikubali, halafu tunaiua kwa uzee wake yenyewe. Tia sahihi kwenye orodha ya vielelezo tusivyobishania, tuendelee na maisha." Kisha akatabasamu. "Au unataka kwenda kuinusa?"

Profesa akatoka. Akaichukua orodha, akatia sahihi. Aliitia bila kusita, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Siku ya kusikilizwa ilifika. Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za watu, na meza ndefu ya mawakili yenye jagi la maji lililofunikwa sahani. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kwenye uzi. Kila neno aliliandika mwenyewe katika daftari kubwa, kwa kalamu ya wino ya kujaza, na aliyeharakisha aliambiwa: "Taratibu. Kalamu yangu haina mabawa."

Mzee alisimama akaitoa hoja yake ya miaka. Aliitoa vizuri, mkono mmoja kiunoni. Hakimu akamsikiliza, akaandika, akaisoma barua mara mbili, kisha akavua miwani.

"Wakili, barua inasema akifa. Mdai asingeweza kudai nyumba ya mtu aliye hai. Miaka inahesabiwa tangu kifo, nayo ni miwili. Hoja imekataliwa. Na kwa kuwa barua yenyewe mmeikubali kwa maandishi, sijui kama mmebakiwa na utetezi."

Ilikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mzee akakaa. Fundi, kwenye benchi la nyuma, hakuwa ameelewa maneno yote, lakini alielewa kukaa kule. Mikono yake iliyokuwa ikikaza kifungo cha sweta yake ikasimama.

Shemeji akaitwa kutoa ushahidi. Mtu mnene, mchangamfu, mwenye shati jeupe lisilo na doa. Karani akaitoa barua kwenye bahasha ya mahakama, ikapita kwa hakimu, ikateremka kwenye meza ya utetezi. Mzee akaitupia jicho na kumsukumia Profesa airudishe kwa karani.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika. Vidole vyake vikaitambua kazi kabla yake. Dole gumba likaigeuza likatazama mgongo. Karatasi ilikuwa imekunjwa kwa urefu na kwa upana, na mikunjo ilikuwa ya siku nyingi kweli, imechakaa kama goti la suruali. Akaigeuza usoni. Mistari ya maandishi ya bluu ilikuwa imepita juu ya mikunjo, na pale tu ilipopita, herufi zilikuwa zimeota vinyweleo, kama miguu ya jongoo. Kwingine kote zilikuwa safi.

Akairudisha kwa karani kwa mikono miwili. Hakimu akatazama saa yake na kusema mapumziko ni nusu saa.

Kwenye ukumbi wa nje Profesa akamshika Mzee mkono.

"Mzee, ile karatasi ilikunjwa kwanza, ikaandikwa baadaye."

"Umejuaje?"

"Karatasi ikikunjwa, nyuzi zake hukatika pale kwenye mkunjo. Wino wa majimaji ukipita juu yake hunyonywa, ukatambaa pembeni. Lakini mtu akiandika kwanza, wino ukakauka, ndipo akakunja, wino hukatika tu, hautambai. Ile ni karatasi ya zamani iliyokuwa tupu. Imeandikwa juzi."

Mzee akatazama kulia na kushoto. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo kama sindano.

"Sikiliza, Profesa. Tumeikubali kwa maandishi. Sahihi ni yako. Ukisimama kusema umekosea, unaivua ofisi yangu nguo sokoni. Na ukisimama halafu ikawa hukuona sawasawa, usirudi ofisini hata kuchukua kikombe chako. Mimi nitasema hatuna maswali. Tutakata rufaa."

"Na yeye akae wapi, rufaa ikisubiriwa?"

Mzee akageuka. Alikwenda kunywa maji.

Fundi alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi, magoti pamoja. Profesa alimwangalia, na maneno mawili yakampita kichwani kwa mwandiko ule ule wa zamani: Hakuna hatua. Akamsogelea, akachuchumaa mbele yake na suti yake nyeusi.

"Mama, kile kioo bado unacho?"

Mkono wa fundi ukaingia mfukoni, ukapita kwenye rili na vifungo, ukatoka na kifurushi cha kitambaa. "Nilijua utakitaka," akasema. "Sikujua tu kwamba utakitakia hapa."

Karani alimruhusu aitazame barua mbele yake. Chini ya kioo vinyweleo vilikuwa wazi, mahali pote ambapo wino ulivuka mkunjo. Lakini Profesa alijua kitu kingine. Shemeji akisema, "Ndiyo, karatasi ilikuwa kuukuu, imeshakunjwa ilipoandikwa," basi yamekwisha. Hakuna mwenye kuweza kumkanusha. Ilimbidi aseme mwenyewe kwamba ilikuwa mpya. Na aseme kabla hajajua kwa nini anaulizwa.

Watu wakarudi, hakimu akakaa.

"Utetezi, mna maswali kwa shahidi?"

Mzee akafungua kinywa aseme hapana. Kiti cha jirani yake kilikuwa kimeshalia. Profesa alikuwa amesimama.

"Machache, mheshimiwa."

Mzee akamtazama kutoka chini. Hakumvuta koti, maana hakimu alikuwa anaangalia.

"Shahidi," Profesa akaanza, polepole, kama mtu anayeuliza njia, "siku marehemu alipoiandika barua hii, ulikuwapo?"

Wakili wa mdai akainuka. "Mheshimiwa, barua imekubaliwa!"

"Sijaikataa, mheshimiwa. Nauliza ilivyoandikwa."

"Aulize," akasema hakimu.

Shemeji akatabasamu. "Nilikuwapo. Sebuleni kwake, mezani. Mimi nikiwa hapa, yeye pale."

"Karatasi ilitoka wapi?"

"Karatasi inatoka wapi, wakili? Dukani!" Watu wakacheka, naye akanenepa kwa kicheko chao. "Alinituma mimi. Nikanunua karatasi mpya kabisa."

"Ukaikunja ukaitia mfukoni."

"Aa, wapi! Kaka yangu alikuwa mtu wa unadhifu, angeniua. Niliileta nimeishika hivi, kama sinia ya chai. Ilikuwa imenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi."

"Taratibu," akasema hakimu. Kalamu ikakwaruza. "Kama shati... lililotoka... kwenye pasi. Endelea."

Profesa alisubiri mpaka kalamu ikasimama. "Alipomaliza kuandika?"

"Tukangoja wino ukauke. Akaupuliza, hivi, fuu, fuu. Mashahidi wakatia sahihi, tukangoja tena. Ndipo nikaikunja mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikaifunga ndani ya bahasha. Haikufunguliwa mpaka kaka alipofariki."

"Kwa hiyo mikunjo iliingia baada ya wino kukauka. Una hakika?"

"Nina hakika kama ninavyolijua jina la mama yangu."

Kalamu ikaandika hata hilo.

Profesa akavuta pumzi. Sasa palibaki lililo gumu zaidi, nalo halikuwa la shahidi. "Mheshimiwa, nina kosa la kuungama. Naomba kuiondoa sahihi yangu kwenye orodha ya vielelezo. Barua hii tunaibishania."

Wakili wa mdai aliruka kama aliyekalia pini. Alisema hili na lile, taratibu na vifungu. Hakimu akamwacha amalize, kisha akamgeukia Profesa.

"Uliitazama karatasi hii kabla ya kuikubali?"

"Sikuitazama, mheshimiwa."

"Ilikuwa hapo chini kwa karani. Kwa nini?"

Angeweza kusema kazi zilikuwa nyingi. Angeweza kusema aliambiwa. Mzee alikuwa anatazama viatu vyake vinavyong'aa.

"Niliona haya, mheshimiwa. Kabla ya sheria, kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi za kale. Nilidhani wakili kamili hafanyi hivyo. Kosa ni langu. Nyumba ni ya mama yule pale."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. "Mahakama inaweka kwenye kumbukumbu kwamba wakili alikuwa mzembe," akasema, neno kwa neno. "Uzembe wa wakili hautamtoa mtu nyumbani kwake. Ombi limekubaliwa. Sasa nionyeshe unachokiona."

Profesa akaomba karatasi mbili safi kutoka kwa karani. Moja aliikunja, akaifungua. Akamwomba hakimu aandike jina la mahakama kwenye zote mbili, kwa kalamu yake mwenyewe, na kwenye ile iliyokunjwa avuke mkunjo. Wakangoja wino ukauke, dakika ndefu kama foleni. Kisha ile ya pili ikakunjwa nayo, ikafunguliwa. Profesa akamkabidhi hakimu kioo.

Hakimu akainama juu ya maandishi yake mwenyewe. Kwenye karatasi ya pili wino ulikuwa umekatika kama uzi. Kwenye ya kwanza ulikuwa umetambaa. Akaivuta barua ya marehemu, akaiweka kati ya hizo mbili, akainama tena.

"Shahidi," akasema bila kuinua kichwa, "karatasi hii ilikunjwa kwanza."

"Labda..." Shemeji akajifuta shingo. "Labda mwenye duka aliikunja, mheshimiwa. Wale watu wa madukani hawana adabu."

"Umeniambia imenyooka kama shati. Nimeandika."

"Ni miaka mingi. Mtu anasahau."

Kutoka benchi la nyuma sauti ya chini ikasikika: "Shemeji, na jina la mama yako bado unalijua?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Karani akagonga meza, akimkemea fundi huku yeye mwenyewe akiuma midomo. Shemeji hakucheka. Jasho lilikuwa limelitia doa shati lake jeupe.

Hakimu aliamuru barua ipelekwe kwa mchunguzi wa maandishi. Majibu yalirudi baada ya wiki tano: karatasi ya zamani, wino wa juzi, sahihi iliyofuatishwa juu ya sahihi nyingine. Madai yakatupwa, na barua ikaenda polisi. Cherehani ikabaki juu ya skrubu zake zenye kutu.

Mzee hakumwambia Profesa kitu kwa wiki hizo tano, si kizuri wala kibaya. Walipishana ngazini kama watu wawili wenye mwavuli mmoja mmoja. Kikombe cha Profesa kilibaki mahali pake, naye hakujua kama kimesamehewa au kimesahauliwa. Asubuhi ya baada ya hukumu alikuta jalada nene juu ya meza yake, na juu yake kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Mzee: Karatasi zenyewe ziko kwa karani. Nenda kazinuse.

Alikisoma mara mbili. Kisha akashuka chini ya ngazi, akasogeza mafagio na makopo ya rangi, akalitoa boksi lake. Kamba ya mkonge ilikuwa imeliwa na panya, lakini madaftari yalikuwa mazima. Kwenye ukurasa mweupe wa daftari la mwisho akaandika kwa penseli lile neno ambalo hakimu aliliweka kwenye kumbukumbu na ambalo halifutiki: mzembe. Akaliacha hapo, alione kila akifungua.

Mchana fundi akapita, futi ikiwa shingoni tena. Alimletea kioo ndani ya kifuko kipya cha kitambaa kilichoshonwa mara mbili kila ukingo, chenye kifungo.

"Nimekitunza kama nilivyosema," akasema. "Sasa kitunze mwenyewe. Mimi sindano zangu nitamwita mjukuu anitungie."

Profesa akakishika kile kifuko mkononi, akachukua penseli, akavuka barabara kwenda kwa karani. Zilikuwa hatua mia mbili tu, zile zile ambazo zamani zilimshinda. Sheria ilimpa mahali pa kusimama, lakini kilichomsimamisha ni kile alichokuwa amekisukuma chini ya ngazi. Na ndiyo maana wahenga hawakukosea waliposema, usiache mbachao kwa msala upitao.